Ngege Wenye Mistari Mkiani

Mama yangu alipofariki aliniachia kipande cha shamba ambacho ndugu zangu wote walinionea huruma nacho. Kilikuwa bondeni, upande wa nyuma wa Baraka, pale barabara ya kupanda Fizi inapoanza kuziacha nyumba na kuingia kwenye michikichi. Juu yake kidogo kulikuwa na chemchemi iliyokilowesha mwaka mzima. Mihogo iliyopandwa pale ilioza kabla ya kukomaa. Mwaka mmoja niling'oa mizizi laini kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni, nikaapa sitapanda tena. Wakati huo nilikuwa nafundisha darasa la tatu, na jioni nikitoka shule nilipenda kupita pale na kusimama tu, nikitazama maji yakienda bure kwenye kijito, na kijito kikienda zake ziwani.

Wazo la kufuga samaki halikuwa langu. Lililetwa na mama mmoja wa kwaya yetu aliyekuwa amekwenda kumtembelea dada yake upande wa Uvira. Alirudi na habari za etangi, ndivyo tunavyoliita bwawa la samaki huku kwetu. Alisema dada yake anavua samaki kwa ndoo na viatu vyake vikiwa miguuni. Tulicheka sana. Kuwaambia watu wa Baraka kwamba utachimba shimo ufuge samaki, na ziwa liko mbele yako mpaka Ubwari, ni sawa na kumwona mtu amesimama kwenye mvua akiuliza maji yanauzwa wapi. Lakini kicheko kilipoisha tulikumbuka hali ilivyokuwa. Ndakala, dagaa wetu, walikuwa wanapatikana siku moja na kukosekana siku tatu, na ngege, perege wetu wa ziwani, waliofika sokoni walikuwa wadogo hata mtu aliona haya kumpikia mgeni. Yule mama akanigeukia mimi. "Wewe iko na shamba ya maji," akasema.

Basi tukachimba. Tulikuwa wanawake kumi na wawili wa kwaya, na tulichimba kila Jumamosi msimu mzima wa kiangazi, tukiimba nyimbo tulizokuwa tunajiandaa kuziimba Jumapili. Tuligundua kwamba wimbo wa taratibu hauchimbi. Sauti ya pili ilipokuwa inavuta maneno, majembe nayo yalivuta. Kwa hiyo tuliimba zile za haraka tu, na watu kanisani wakaanza kusema kwaya ya bamama imepata moto mpya. Jirani yangu, mama mmoja aliyeshuka kutoka Minembwe na watoto wake na ng'ombe wawili, hakuwa mwimbaji, lakini alikuja kila Jumamosi na kikapu cha samadi kichwani. Alikuwa amesikia kwamba maji ya etangi yanataka samadi ili yawe ya kijani na samaki wapate cha kula. Samaki wenyewe alikuwa hajawahi kuonja maishani mwake. Kwao juu, alisema, mtu anakunywa maziwa, na samaki ni habari ya watu wa chini.

Kaka yangu mkubwa alikuja kututazama mara moja tu. Mpaka leo namwita yaya, kama nilivyofundishwa nikiwa mdogo. Yeye ni mvuvi, mtoto wa mvuvi, na sehemu yake ya ziwa ni mdomo wa kile kijito chetu. Pale maji ya kijito yanapokutana na ziwa kuna majani marefu na mchanga laini, na ngege wa ziwani wanakuja kuzaa humo. Katika miezi ya kuzaa kwao yaya hatupi wavu pale, hata akiwa na njaa. Hakuna mkubwa wa serikali aliyemkataza. Baba yetu ndiye aliyemwambia kwamba mlango wa mwanamke anayejifungua haugongwi, naye akalishika neno hilo maisha yake yote.

Alisimama ukingoni mwa shimo letu akiwa amefunga mikono nyuma. Aliuliza maji yataingia wapi, nikamwonyesha. Akauliza yatatokea wapi, nikamwonyesha tuyo, bomba la plastiki tulilolizika kwenye tuta. Halafu akauliza samaki wakitoka na yale maji watakwenda wapi. Nikamjibu kwamba hawatatoka. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei, akaenda zake.

Vifaranga wa samaki waliletwa na motari, dereva wa pikipiki, ndani ya bidoni mbili, madumu ya njano yaliyofungwa nyuma yake. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri kupitia Mboko na Nundu, na katika kila kijiji alisimama kubadilisha maji. Tuliwamimina taratibu, wakasambaa kama mbegu za lengalenga, mchicha wetu. Motari alituambia ni ngege wa aina ya mbali, wanaokomaa haraka kuliko hawa wetu. Nilimuuliza kama wote wako hai, na kama kweli wanakomaa haraka. Sikuuliza aina hiyo ni ya wapi, wala kama imewahi kukaa na ngege wetu. Mimi niliyekuwa nawasumbua watoto wa darasa la tatu kwa maswali kutwa nzima, siku hiyo niliridhika na majibu mawili.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya raha kubwa. Kila asubuhi kabla ya shule nilikwenda na pumba za mpunga, majani ya mipapai, na mchwa nikiwapata. Samaki walijifunza kishindo cha miguu yangu. Nikifika ukingoni maji yanaanza kuchemka, midomo midogo mingi ikifunguka na kufungwa, nami nikiwasalimu kwa sauti kama mwendawazimu. Jirani yangu alikuja kusimama nami. Alisema kwamba ng'ombe anakutazama machoni na samaki hakutazami, lakini anaona kwa nini nawapenda. Walikomaa kweli, tena haraka. Kwenye mikia yao kulikuwa na mistari myeusi iliyosimama wima, mizuri, imepangika kama mistari ya daftari.

Kisha mvua zikaja.

Ilikuwa Jumapili. Mvua ilianza alfajiri na ilipofika saa ya ibada haikuwa imepungua. Kwaya ilikuwa imesimama mbele, pasta amekaa na suti yake ya kijivu, na mabati yalikuwa yanapiga kelele hata hatukusikiana. Katikati ya wimbo nilimwona jirani yangu amesimama mlangoni, matope mpaka magotini, akimnong'oneza mama wa benchi la mwisho. Yule akamnong'oneza wa mbele yake. Nikaliona lile neno likipanda kanisani benchi kwa benchi, vichwa vikiinama na kuinuka, mpaka likaifikia sauti ya kwanza, likafika kwangu. Etangi imepasuka.

Nilitoka bila kumaliza ubeti. Nusu ya kwaya ilinifuata, halafu kwaya yote, halafu kanisa. Kati ya kanisa na shamba langu uko uwanja wa mpira wa shule, na uwanja wote ulikuwa umegeuka maji ya kufika kifundo cha mguu, na ndani ya yale maji, katikati ya nyasi, ngege wangu walikuwa wanaruka. Kulikuwa na samaki golini. Kulikuwa na samaki penye duara la katikati. Watu walisimama kwa sekunde moja wakitazama, na baada ya hapo sijui nani alianza. Bamama walivua bikwembe, vitenge vyao vya juu, wakavitandaza kama nyavu. Mashemasi walikimbia na vikapu vya sadaka. Kuna bibi mmoja ambaye huwa anashikwa mkono kupanda ngazi mbili za kanisa, nami nilimwona kwa macho yangu akipiga mbio kumzuia samaki asiingie mtaroni. Pasta alivua viatu vyake, akaviweka vizuri juu ya jiwe, akavua koti, akaingia. Alianguka mara mbili. Mara ya tatu aliinuka na ngege mkubwa amemkumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, maji yanamtiririka usoni, akicheka kicheko ambacho hatukuwahi kukisikia kwake.

Nilipaswa kulia, maana kazi ya msimu mzima ilikuwa imelala kwenye nyasi. Lakini nilicheka mpaka nikakaa chini ndani ya maji. Tulirudi kanisani tumelowa, tunanuka samaki, vikapu vikipapatika chini ya mabenchi, na mahubiri ya siku ile yalikuwa mafupi kuliko yote. Mchana ule karibu kila nyumba ya mtaa wetu ilipika samaki kwa mawese. Jirani yangu alikaribishwa kwangu, akaonja kipande kidogo cha mgongo akiwa amefumba macho. Akasema si kibaya. Hakuonja cha pili siku hiyo.

Yaya hakushika samaki hata mmoja. Nilimkuta amesimama penye kijito kilichokuwa kimejaa, maji mekundu yakienda kwa kasi. Nilimwambia kwa furaha kwamba tumewapata wengi, pengine zaidi ya nusu. Akasema, "Na ile yenye imepita?" Nikamwambia aje kula.

Wiki nyingi zilipita. Tulijenga tuta upya, tukawarudisha ndani wale samaki tuliokuwa tumewahifadhi hai kwenye mapipa, maisha yakaendelea. Kisha alasiri moja yaya alikuja nyumbani na beseni kichwani. Aliliweka barazani. Ndani kulikuwa na samaki wawili. Mmoja alikuwa ngege wetu wa ziwani, wa kijani, na madoa yanayong'aa ubavuni. Mwingine alikuwa na mistari mkiani.

"Huyu ni mutoto yako," akasema. "Nimemukuta kwetu."

Nilisema samaki ni samaki, na kwamba akimpata mnono namna ile angepaswa kunishukuru. Niliyasema haraka, kama mtu anayejua ameshindwa. Nikaongeza kwamba ziwa ni kubwa, samaki wachache hawawezi kulifanya lolote.

Alikaa kwenye ngazi. Yaya si mtu wa kupandisha sauti, na siku ile sauti yake ilikuwa chini zaidi ya kawaida.

"Ziwa iko kubwa," akasema. "Fasi ya kuzalia iko kadogo."

Akanieleza alichokiona. Dume la ngege linachimba bakuli mchangani, mahali pa kumpokea jike, na kulilinda. Mwaka ule madume yenye mistari yalikuwa yamewahi kufika penye mchanga mzuri, na yalikuwa makubwa, yamelishwa pumba, yakawa yanawafukuza wenyeji mpaka kwenye mawe. Hilo lilimkera, lakini hofu yake ilikuwa nyingine. Aliogopa kwamba majike ya huku yatazaa na madume ya kule, na baada ya miaka hatakuwapo mtu wa kusema huyu ni mtoto wa nani. Alisema samaki wetu wanalijua ziwa hili, wanajua upepo wake na baridi yake na wakati wake. Hawa wengine wanajua kishindo cha miguu ya mtu mwenye pumba.

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba anaona wivu kwa sababu wanawake wamepata samaki bila mtumbwi. Ni maneno ambayo nikiyakumbuka bado nahisi joto usoni. Alisimama, akachukua beseni lake, akaaga kwa heshima kama anavyoaga wageni, akaondoka. Siku kadhaa hatukuonana.

Aliyetupatanisha ni jirani yangu, naye hakukusudia. Alikuwa ananisaidia kumwaga samadi, na mimi nikimlalamikia habari ya kaka yangu, nikingoja aniunge mkono. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba kwao dume la ng'ombe likiingia kwenye kundi la mtu bila ruhusa, wazee wanaitana. Siyo kwamba ng'ombe yule ni mbaya. Ni kwamba mwenye kundi anawajua ng'ombe wake mpaka kizazi cha babu, anajua yupi anavumilia njaa na yupi anapanda mlima, na mgeni anaweza kuyavuruga hayo yote kwa usiku mmoja wa uzembe. "Tena ng'ombe, ndama utaiona," akasema. "Ya mu maji utaiona na nini?"

Nilimaliza kumwaga samadi. Kesho yake, baada ya shule, nilishuka ufukweni nikamkuta yaya anashona wavu. Nilimwomba anipeleke nikaone.

Sikuwa nimepanda mtumbwi wake tangu nilipoolewa. Alipiga kasia polepole, maji hayakuwa na wimbi, na tulipokaribia mdomo wa kijito aliniambia nilale kifudifudi nitazame chini. Mimi niliyezaliwa hatua mia mbili kutoka pale nilikuwa sijawahi kupaona. Mchanga ulikuwa na mabakuli ya mviringo, kama mtu amebonyeza sahani za udongo zikaacha alama. Juu ya bakuli moja alikuwa anazunguka ngege wetu, rangi zake zimewaka, mapezi yamesimama, na kila samaki mwingine aliyekaribia alimfukuza na kurudi, akamfukuza na kurudi. Nikasahau kwamba nimelowa kifua. Halafu yaya aligeuza mtumbwi kidogo, nikaona mabakuli mengine matatu makubwa zaidi, na wenye kuyalinda walikuwa na mistari mkiani. Kwenye majani ya upande wa kijito niliona na jambo ambalo hakuwa amenitajia. Yalikuwa yamevaa utelezi wa kijani, mzito kama ukoga wa mtungi. Nilijua umetoka wapi. Yalikuwa maji yangu, na samadi yangu, na pumba zangu zilizobaki.

Niliuliza kwa nini hakuniambia la majani. Akasema nilikuwa na furaha mno, akaona anipe habari mbaya moja kwa wakati mmoja.

Tulicheka wote wawili pale majini, na mambo yakaisha. Namaanisha ugomvi uliisha. Kazi ndiyo ilikuwa inaanza.

Niliitisha bamama wa kwaya. Nilidhani watanipinga, kwa sababu nilikuwa nawaomba tuwatoe samaki wote wa etangi tuanze upya na samaki wanaokomaa polepole. Wawili walinuna. Lakini mume wa mmoja ni mvuvi, mwingine ana baba mvuvi, na hakuna nyumba kwetu ambayo haina mguu mmoja ziwani. Yule mama aliyetuletea habari za Uvira ndiye aliyesema kwamba kama kuwatoa ni kuwala tu, basi yeye yuko tayari kuanza kula hata leo. Tulikausha etangi Jumamosi, mbele ya mtaa mzima. Wengine tuliwauza, wengine tuliwakausha kwa moshi, na waliobaki tuliwapika pale pale kwenye sufuria za kanisa, na bugali, na sombe, kisamvu chetu. Safari hii jirani yangu alikula kipande cha kwanza na cha pili, na akambebea mtoto wake cha tatu.

Wenye mistari waliokuwa ziwani walitaka subira zaidi. Yaya alizungumza na wavuvi wenzake wa ufukwe ule. Wavu haukufaa, kwa sababu wavu hauchagui. Walitumia ndoano na minyoo, maji yakiwa maangavu, wakimlenga mwenye mistari na kumrudisha mwenye madoa. Ilikuwa kazi ya watu wenye macho na saburi, nao walianza kushindana. Mimi nilichora mikia miwili ubaoni, mmoja wa madoa na mmoja wa mistari, nikaliuliza darasa la tatu tofauti yake. Kufikia wiki ya pili hapakuwa na mama aliyeweza kununua ngege Baraka bila mtoto wake kuukagua mkia kwanza. Muuzaji mmoja wa soko alinilalamikia kwamba wanafunzi wangu wanamchelewesha.

Tulilijenga etangi upya kwa kumsikiliza yaya. Tuta liliinuliwa mpaka kifuani kwangu na kupandwa nyasi. Kwenye tuyo la kutokea tulifunga trelisi, wavu wa chuma wenye matundu madogo, na nyuma yake ya pili yenye matundu madogo zaidi. Maji yalipotoka hayakwenda tena moja kwa moja kwenye kijito. Tuliyapitisha kwanza kwenye shimo la kina kifupi yatulie, kisha kwenye vitalu vya mpunga na lengalenga. Mpunga ulikunywa ile mbolea yote. Sijawahi kuona lengalenga zenye majani mapana namna ile, na maji yaliyofika kijitoni yalikuwa yanaonyesha changarawe.

Samaki wapya aliwaleta yaya mwenyewe. Alifika asubuhi moja ya likizo na lile beseni lake, akaniita nje kwa sauti ya taratibu kama anayeita mtu aje kuona mtoto aliyelala. Ndani kulikuwa na jike moja la ngege wetu, tumbo jembamba na mashavu yamevimba. Alisema tusubiri. Tulichuchumaa wawili, vichwa vyetu vikakaribia kugongana. Baada ya muda yule samaki alifungua mdomo, na wingu dogo la watoto likatoka, kila mmoja si mkubwa kuliko kope la jicho, wakaelea mbele ya uso wake. Yaya aligusa maji kwa ncha ya kidole. Wote walirudi mbio, wakaingia mdomoni kwa mama yao, naye akaufunga. Niliijua habari hiyo tangu utotoni, kila mtoto wa ziwa anaijua, lakini sikuwa nimeiona. Nilipomtazama kaka yangu nilimwona anafuta macho kwa mkono wa shati, akisema moshi wa jiko langu ni mkali. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Alileta majike machache tu, akasema hayo yanatosha, ziwa lisiombwe mara mbili. Walizaa, wakajaa. Ni kweli wanakomaa polepole. Mama mmoja wa kwaya anapenda kusema kwamba ukimsubiri ngege huyu unaweza kumaliza kushona sweta. Lakini likipasuka tuta tena, na mvua zetu zinavyojulikana siwezi kuapa kwamba halitapasuka, watakaotoka watakuwa wanakwenda kwa mama zao.

Lipo jambo jingine ambalo hatukulipanga. Zamani, ziwa likikataa, wanawake wa mtaa wetu walishuka kwenye yale majani na vyandarua, wakakusanya samaki wachanga wa kuchanganya na mboga. Nami nilifanya hivyo nikiwa msichana, na mama yangu alinifundisha. Sasa mtu akikosa kitoweo anakuja etangi na ndoo yake, na majani yanabaki na samaki wake wachanga. Sijui kama ngege wa ziwani wameongezeka. Yaya anasema anawaona zaidi, kisha anaongeza kwamba yeye ni mzee na macho ya mzee yanaona anachotaka. Wenye mistari hawajaisha kabisa. Mwezi uliopita mvuvi mmoja alileta mmoja, mdogo, tukamtazama mkia kwa muda mrefu. Alikuwa na mistari hafifu na madoa mawili. Yaya alimpeleka nyumbani kwake akamkaanga, akanitumia ujumbe kwamba alikuwa mtamu, na kwamba kesho atashuka tena na ndoano.

Juma lililopita walitujia wanawake kutoka Nundu, wanane, wamepakiwa kwenye pikipiki tatu, wanataka kuchimba etangi lao. Nilikuwa nimejiandaa kuwafundisha, nimeandika hata mambo ya kusema. Sikupata nafasi. Yaya alifika amevaa shati lake la kwenda kanisani, ambalo hakuna aliyemwambia alivae, akawapanga wageni ukingoni na kuwauliza kabla ya yote kijito chao kinaingia ziwani sehemu gani, na nani anavua pale, na kama wamekwisha kumsalimu huyo mvuvi. Wakatazamana. Akawaambia basi waanzie hapo, samaki watafuata. Kutoka hapo alieleza habari za tuta, na trelisi, na mpunga, na jike lenye watoto mdomoni, akiigiza kwa mashavu yake mwenyewe mpaka wageni wakashikana mabega kwa kicheko. Jirani yangu alipita na samadi yake kichwani, naye akaitwa aeleze habari ya madume ya ng'ombe. Bugali lilipoa mara mbili, nikalipasha mara mbili, na mara ya tatu nililipeleka pale pale ukingoni, na samaki wake, tukala tumekaa kwenye nyasi huku yaya akiendelea kueleza.